WANAJISAHIHISHIA MTIHANI WENYEWE



Sisi tuliopita chuo cha ualimu twalijua jambo moja ambalo halitaki shahada kulijua. Mtoto akifanya mtihani hapewi kalamu nyekundu. Hata awe mtoto mwema namna gani, hata baba yake awe mjumbe wa kamati ya shule, karatasi yake husahihishwa na mtu mwingine. Basi twastaajabu kuona kwamba duniani liko kundi moja la watahiniwa wanaotunga maswali wenyewe, wanajibu wenyewe, wanasahihisha wenyewe, kisha wanajipa maksi na kuzichapa katika karatasi inayong'aa yenye picha za rangi. Watahiniwa hao ni makampani makubwa, na karatasi yao huitwa ripoti ya uwajibikaji kwa jamii. Siku hizi wameibadili jina, waiita ripoti ya uendelevu. Mtihani ni ule ule.

Wasomaji wengine watauliza kwa nini ukurasa huu, uliozoea kusema juu ya vitabu na sinema, leo waingilia ripoti za makampani. Jibu letu ni kwamba ripoti hizo nazo ni vitabu. Zina msimulizi, zina wahusika, na kila mwaka zina mwisho mwema. Tofauti ni moja tu, nayo ni kwamba mtunzi wa hadithi hukiri mbele ya watu kwamba ametunga.

Mwezi uliopita tulikuwa katika kijiji kimoja upande wa Ipinda kwa kazi ya chama. Mkutano ulipokwisha, kijana mmoja alitutolea katika simu yake ripoti ya mnunuzi mmoja wa kakao. Hatumtaji jina, kwa sababu neno letu si juu ya mtu mmoja. Kurasa zilikuwa zaidi ya mia, zote kwa Kiingereza. Penye habari za nchi yetu palikuwa na picha ya mama wa makamo ameshika tunda la kakao lililopasuliwa, naye anacheka. Chini ya picha hapakuwa na jina lake. Paliandikwa "mkulima", basi.

Tukakaa chini ya mwembe tukaanza kuifasiri ripoti hiyo kwa sauti. Tulipofika pasemapo kwamba wakulima wamepewa mafunzo ya kilimo bora, bibi mmoja akasema, "Mwanangu, hayo ni kweli. Tulifunzwa siku moja, na soda tulipewa." Watu wakacheka. Tukaendelea. Ripoti ikasema kwamba wakulima wamewezeshwa. Mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia tupu akauliza, "Mwalimu, wamewezeshwa kufanya nini?" Tulitafuta jibu, hatukuliona. Mzee akauliza tena, "Je, imeandikwa kilo yangu waliiuza bei gani huko kwao?" Tukapekua kurasa zote toka mwanzo hata mwisho. Iliandikwa miti waliyopanda, taa za jua katika ofisi zao, idadi ya wanawake katika bodi yao, na karatasi walizoacha kutumia. Bei ya kilo haikuwako hata mahali pamoja.

Na yule mama wa picha? Bibi aliiomba simu, akaitazama kwa karibu, akatazama kitambaa cha kichwani, akatikisa kichwa. "Huyu si wa kwetu," akasema. "Hata kufunga lemba hivi sisi hatufungi." Hatuwezi kuapa kwamba bibi hakukosea. Lakini katika watu wote waliokuwa chini ya mwembe ule, hakuna aliyemtambua.

Tunasimulia habari hii kwa urefu kwa sababu wakubwa wetu wengi hudhani mkulima wa kijijini hawezi kuihukumu ripoti. Mzee yule alihitaji maswali mawili tu, na ripoti ya kurasa mia ikaanguka.

Sasa tuzitazame sinema. Ziko sinema zilizotengenezwa juu ya kakao, na iliyo maarufu ni ile ya mwaka 2010 iitwayo The Dark Side of Chocolate, kazi ya Miki Mistrati wa Denmark na mwenzake U. Roberto Romano. Watu hawa walikwenda Mali na Ivory Coast na kamera za siri, wakafuata njia wanayopitishwa watoto kwenda kufanya kazi katika mashamba ya kakao. Kisa chenyewe kina mzizi. Mwaka 2001 wenye viwanda vya chokoleti walitia sahihi Marekani mapatano yaitwayo Harkin-Engel, wakaahidi kwamba kazi mbaya kabisa za watoto zingekoma katika kakao ifikapo 2005. Mwaka 2005 ukafika, wakaomba hadi 2008. Ukafika 2008, wakaomba hadi 2010. Halafu ahadi yenyewe ikanyolewa: haikuwa tena kukomesha, bali kupunguza kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Mwaka huo wa 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago wakatoa hesabu yao: watoto wapatao milioni 1.56 walikuwa katika kazi za kakao nchini Ivory Coast na Ghana. Katika miaka yote hiyo ya kuahirisha, ripoti njema hazikukosa kuchapwa hata mara moja. Mwanafunzi akituletea udhuru wa namna hii mara tatu, sisi humwita mzazi wake.

Sinema ile twaipenda kwa ujasiri wake. Mwishoni watengenezaji walisimamisha kitambaa kikubwa karibu na makao makuu ya Nestlé huko Uswisi, wakaionyesha sinema hapo hapo mlangoni. Hicho ni kitendo cha watu wasioogopa. Lakini twailaumu pia, na lawama yetu ni hii. Sinema iliwekwa mlangoni kwa tajiri, tena kwa lugha ya tajiri, na wenye mashamba hawakuwa watazamaji wake. Mistrati alitoa nyingine mwaka 2022, The Chocolate War, na shujaa wake ni wakili wa Kimarekani anayewashitaki wenye viwanda kwa niaba ya vijana wa Mali. Kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani vijana waliishindwa mwezi Juni 2021, kwa hoja kwamba mambo yaliyolalamikiwa hayakutendeka vya kutosha ndani ya Marekani. Chokoleti huliwa Marekani, faida huhesabiwa Marekani, ila kosa ndilo lililotendeka ng'ambo! Hatusemi kwamba Kyela ni Ivory Coast. Hapa mtoto humsaidia mama yake kupasua matunda baada ya shule, nasi wote tulifanya hivyo. Twasema tu kwamba wanaoandika ripoti za huko ndio walimu wa wanaoandika ripoti za hapa.

Kakao ya Kyela, ndugu zetu, twaijua kuliko ripoti yoyote. Twaivuna, twaipasua, twaivundika kwa majani ya mgomba siku kadhaa hata harufu yake ijae nyumba, twaianika, twaikimbiza ndani mvua ijapo, na mvua ya Kyela haiombi ruhusa. Kisha twaipeleka ghalani kwenye chama cha msingi, yapimwa, twangoja mnada. Mwaka 2024 mavuno ya Ghana na Ivory Coast yaliharibika kwa magonjwa na hali ya hewa, na mwezi Machi bei ya dunia ikavuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza. Desemba ikavuka 12,000. Mwaka ule watu wetu waliezeka mabati, wakalipa ada, wengine wakanunua pikipiki. Mwaka 2025 bei ikateremka, na pikipiki nyingine zikauzwa. Mabati yale yaliletwa na bei ya kilo. Hakuna bati hata moja lililoletwa na mradi wa uwajibikaji. Na bei yenyewe haikupanda kwa wema wa mtu yeyote, ilipanda kwa msiba wa wakulima wenzetu wa magharibi. Ndiyo maana swali la mzee wa gunia ndilo swali lenyewe, na ripoti isiyolijibu imekwepa mtihani.

Tuwe waungwana, tujisahihishe na sisi. Njemke, ule ununuzi wa kakao nje ya ghala, usiku, kwa mizani isiyojulikana, haufanywi na Wazungu. Wafanyao ni watu wetu, na wengine twakaa nao katika mikutano. Pia viko vyama vya msingi ambavyo mapato na matumizi yake husomwa mbele ya wanachama kwa mbio kama tangazo la msiba, na mwenye kuuliza huitwa mkorofi. Anayeficha daftari lake hana kinywa cha kudai daftari la kampani.

Tuseme kidogo juu ya sheria za Ulaya, maana zimefika mpaka mashambani kwetu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kwamba kakao isiingie kwao kama imetoka katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lionyeshwe mahali lilipo kwa vipimo vya satelaiti. Nia si mbaya; misitu twaihitaji hata sisi. Vijana wenye simu wakapita kwetu, wakazunguka mipaka ya mashamba, wakachukua alama, wakaenda zao. Tumewauliza wakulima wengi kama wanayo nakala ya alama za mashamba yao wenyewe. Hatujampata aliyenayo. Na huku nyuma Ulaya wenyewe wakaahirisha kanuni yao mwaka mmoja, kisha wakaahirisha tena. Iko na sheria yao nyingine ya 2022 inayoyalazimisha makampani makubwa kuandika ripoti za uendelevu kwa utaratibu mmoja na kukaguliwa. Februari 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza kwamba sehemu kubwa ya makampani hayo yasamehewe, ati mzigo wa makaratasi ni mkubwa. Mkulima akiomba kuahirisha kodi kwa sababu ya mzigo, hujibiwaje?

Kuna mfano ulio karibu zaidi, nao unatoka katika maji yetu. Ng'ambo ya mto Songwe, katika wilaya ya Karonga ya Malawi, upo mgodi wa urani wa Kayelekera. Kampani ya Paladin ya Australia iliuanza mwaka 2009 na kuusimamisha mwaka 2014. Malawi ilipewa asilimia 15 ya hisa, nayo ikalegeza kodi kwa ajili ya kupewa hisa hizo. Mwaka 2015 shirika la ActionAid lilitoa kitabu likasema kwamba kwa mapatano yale na kwa njia ambazo fedha zilipitishwa nchi za nje, Malawi ilikosa kodi ya dola milioni 43 katika miaka sita. Mgodi uliposimama, maji ya mabwawa yake yalisafishwa na kumwagwa katika mto Sere, ambao humwaga katika Rukuru ya Kaskazini, na Rukuru humwaga katika ziwa hili hili tunalovua usipa na mbasa. Mwaka 2020 kampani nyingine ya Australia, Lotus, iliushika mgodi, na mwaka 2025 uzalishaji ukaanza tena.

Hatusemi maji yale yalikuwa na sumu, hatuna maabara. Twasema kwamba wenye mgodi walipima, na vipimo vikaandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wenye hisa walio Perth, lakini mvuvi wa Matema hajasomewa hata mstari mmoja. Samaki hawajui mpaka. Hapa viongozi wa nchi mbili hizi wamebishana miaka na miaka juu ya wapi mstari upite katikati ya ziwa, na laiti robo ya ubishi huo ingetumika kuuliza juu ya maji yenyewe!

Wapo watakaosema: acheni kelele, mtaharibu jina la nchi. Maneno haya twayajua yalikotoka. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa sinema iitwayo Darwin's Nightmare, juu ya sangara wa Mwanza, minofu ipandayo ndege kwenda Ulaya na mapanki yabakiayo kwa wenyeji. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu sinema hiyo hadharani, na huko Mwanza yakafanywa maandamano ya kuipinga. Sisi tumeitazama, nasi twasema wazi kwamba sinema ile ina makosa. Yadokeza habari ya silaha katika ndege bila kuonyesha silaha, na yaipaka Mwanza yote rangi ya jaa, kana kwamba hakuna mtu aliyeamka asubuhi akaenda kazini kwa heshima. Mwenye kuikasirikia kwa sababu hiyo tuko pamoja naye. Lakini waandamanaji waliandamana dhidi ya mtengeneza sinema. Hatukusikia maandamano ya kudai daftari za viwanda vya minofu, tujue kilo moja ililipwa nini mwaloni na nini mezani huko Ulaya. Picha mbaya ikatuudhi kuliko hesabu iliyofichwa. Na hata Sauper, baada ya yote, aliwaachia watu wa Mwanza nini cha kujibu nacho?

Kinyume chake, tumeipenda The Empty Grave ya mwaka 2024, kazi ya Cece Mlay wa kwetu pamoja na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, juu ya jamaa za Songea na Meru wanaotafuta mabaki ya wazee wao waliochukuliwa na Wajerumani. Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906, na wajukuu zake wamekuwa wakitafuta kichwa chake mpaka leo. Katika sinema hiyo wenye msiba ndio wasemao, tena kwa lugha yao, na Mjerumani ndiye anayesikiliza na kufasiriwa. Ndiyo namna tuitakayo. Wakubwa wa makumbusho nao walikuwa na daftari zao zenye namba na tarehe, wakaridhika nazo zaidi ya miaka mia, mpaka mjukuu alipobisha hodi na kuuliza jina.

Neno la lugha ndilo kubwa kuliko mengine, nasi hatukubali udhuru kwamba kufasiri ni kazi ngumu. Kitabu cha Abdulrazak Gurnah, Paradise, kilitoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili kilitoka 2022 kwa jina la Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, tena baada ya mtunzi kupata Nobel mwaka 2021. Miaka 28 Mzanzibari alisubiri kusomwa kwa lugha ya kwao! Hiyo ni aibu ya wachapaji na wasomaji pamoja. Lakini katika vibanda vya video, ambako hakuna Nobel wala ruzuku, Lufufu na wenzake walizifasiri sinema za Wachina, Wahindi na Wamarekani kwa Kiswahili, na mtoto wa kijijini akacheka na kulia mahali panapostahili. Kama mtu mmoja mwenye kipaza sauti aliweza hivyo, kampani yenye ofisi katika nchi tano yashindwaje kufasiri kurasa mia? Haishindwi. Haijaona kwamba sisi ni wasomaji wake.

Sheria ya nchi imeanza kulisogelea jambo hili, kwa hatua fupi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kifungu cha 105, yamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali, nayo halmashauri yapaswa kuwaelimisha wananchi juu ya miradi hiyo. Kwa hiyo makaa ya mawe ya Kiwira, jirani zetu, yamo ndani ya sheria. Kakao haimo. Mnunuzi wa kakao hata akichukua mavuno ya tarafa nzima, kifungu hicho hakimgusi. Twawaomba wabunge wetu walitazame tundu hilo kabla ya kutuomba kura nyingine.

Wakati sheria ikingojewa, mikutano mikuu ya vijiji ipo. Kampani inayotaka kuandika kwamba imewatendea mema watu wa kijiji fulani na iende kwanza katika mkutano wa kijiji hicho, iisome ripoti yake kwa Kiswahili kabla haijachapwa, na wenyeji waseme kweli au si kweli. Maneno ya wenyeji yaingie katika kitabu hicho hicho, hata yakiwa machungu. Ukurasa wa kwanza uonyeshe kilo ilinunuliwa bei gani mnadani na iliuzwa bei gani bandarini Ulaya. Mwenye shamba apewe nakala ya vipimo vya shamba lake. Na mtu akipigwa picha, jina lake liandikwe, kama mwenyewe akiridhia, na picha iwe ya mahali panaposemwa.

Gazeti hili tunalituma kwa mnunuzi yule, pamoja na maswali mawili ya mzee wa gunia, yameandikwa kwa Kiswahili. Jibu lake likija tutalichapa lote, bila kukata neno. Lisipokuja mpaka mwezi ujao, tutaacha sehemu yake tupu katika ukurasa huu, na tutaichukua nakala hiyo mpaka chini ya mwembe ule.